Picha ya Mama Anayecheka

Kabula mwanangu,

Hali yako sina haja ya kuiuliza, maana umetoka hapa sasa hivi ukigombana na zipu ya begi. Umesema unakwenda Kiseke kumuaga shangazi yako na utarudi kabla chakula hakijapoa. Namjua dada yangu, hatakuachia mpaka umekula kwake na umefungiwa karanga za safari. Kwa hiyo nina kama saa mbili, na nimekaa barazani na daftari lako la zamani la fizikia, lile uliloandika kurasa nne tu ukachoka.

Mambo ya chandarua, ya kupiga simu ukifika Dodoma, ya kutokula kila kinachouzwa dirishani, mama yako ameyasema tangu juzi na kesho alfajiri atayarudia stendi. Mimi huko sina la kuongeza. Nataka kukuandikia juu ya ile picha ya mama anayecheka.

Wiki iliyopita uliingia na simu mkononi, hata viatu hukuvua. "Baba, wameipenda! Picha yako! Wanataka kuiweka kwenye kalenda ya ofisi na kwenye bango la mkutano mkuu. Na jina lako litaandikwa chini." Nikasema, "Vizuri, mama," kisha nikatoka kwenda kuwakagua kuku ambao hawakuwa na tatizo lolote. Mama yako alikuambia nimezidiwa na furaha. Haikuwa furaha, mwanangu. Niliona aibu, na niliogopa, na siku zote hizi nimeshindwa kukutazama usoni nikakuambia. Sasa unaondoka kuanza kazi ya kupiga picha kwenye ofisi yao, na faili lenyewe umeshalihamishia kwenye flashi yako. Jumatatu utawakabidhi. Kabla hujawakabidhi, ujue picha ile imetoka wapi.

Wewe umekua ukinijua kama mpiga picha wa pasipoti. Umenitania sana kwa hilo. "Kaa wima, tazama mbele, usicheke," ulikuwa unaniigiza mbele ya wageni, na wageni wanacheka, na mimi nacheka. Lakini zamani kidogo, ulipokuwa bado shule ya msingi, nilikuwa mtu wa semina. Hapa Mwanza hakuna ukumbi ambao sikuujua mlango wake wa nyuma. Warsha za walimu, mikutano ya wavuvi, mafunzo ya wahasibu, kongamano la hiki na kile, wakimtaka mpiga picha wanasema mwiteni Baba Kabula wa Buzuruga.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Asubuhi wakati watu wanasaini karatasi ya mahudhurio, mimi nawapiga. Wakiwa wanasikiliza, nawapiga. Mratibu nampa zake za ripoti. Zinazobaki nazisafisha palepale kwa printa yangu ndogo, na ikifika saa ya chai nazitandika mezani nje ya mlango. Mtu anatoka na kikombe chake, anajiona, anacheka, ananunua. Ambaye hajatoka, mwenzake anamwona na kusema, "Huyu namfahamu, nipe nimpelekee." Unampa. Mji mzima tulifanya hivyo na hakuna aliyeona ubaya. Sheria yangu ilikuwa moja tu: piga kila mtu, atakayeipenda sura yake ataichukua. Sikujiuliza hata siku moja kuhusu yule asiyetaka sura yake iwe juu ya meza.

Ukaja mkutano mmoja Pasiansi, katika ukumbi unaotazama ziwa. Ulikuwa wa siku mbili, wa wauguzi na wahudumu wa afya ambao wenyewe wanaishi na virusi vya ukimwi. Bango lilikuwa ukutani na lilisema hivyo hivyo, kwa herufi kubwa. Dada mratibu alinivuta pembeni kabla hatujaanza. "Baba, humu ni mikono na migongo. Sura ni ya yule aliyejaza fomu tu." Nikamwambia hamna shida. Kuhusu meza yangu ya nje hakusema kitu, na mimi sikumkumbusha.

Mchana wa siku ya kwanza alisimama muuguzi mmoja anaitwa Adventina. Alikuwa Mhaya, mtu wa Muleba, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na alifanya kazi kliniki ya watoto huko Kiseke. Alieleza kwamba kwa miaka mingi hakuchukua dawa zake Mwanza, maana kila anakokwenda anakuta muuguzi mwenzake. Alikuwa anavuka ziwa kwa kivuko siku zake za mapumziko, anachukulia ng'ambo, anarudi jioni. Majirani walipomuuliza anakwenda wapi kila mara, akawaambia nafuata dagaa.

"Basi jirani mmoja akanipa ndoo," akasema. "Akaniambia, nesi, niletee na mimi. Sasa nifanyeje? Nikatoka na dawa zangu, nikaanza kuzunguka soko la samaki la mwaloni kutafuta dagaa. Mwezi uliofuata wakawa majirani wawili. Jamani, mpaka leo nina wateja!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu walipiga meza. Na yeye mwenyewe akacheka, kichwa kimekwenda nyuma, mkono kifuani, machozi yanamtoka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anaisimulia hadithi ile kwa mtu yeyote. Mimi nilikuwa nimepiga goti chini ya meza ya mbele, mwanga wa dirisha unamwangukia shavuni, bango lote nyuma yake. Nilibonyeza mara kumi na moja bila kupumua. Nilijua palepale kwamba sijawahi kupiga picha kama ile.

Wakati wa chai ya jioni alinifuata. Hakuja na hasira. Alisimama akikoroga chai ambayo ilishakorogeka, akasema, "Baba, mimi ile fomu sijajaza."

"Najua, mama. Usijali."

"Haya, asante."

Mazungumzo yalikuwa hayo tu, Kabula. Nakuandikia yote neno kwa neno kwa sababu baadaye nilijaribu sana kujidanganya kwamba hakusema wazi. Alisema wazi kabisa. Watu wetu hawakatai kwa kelele, hasa mtu mwenye heshima zake mbele ya mtu asiyemfahamu. Utaona mtu anasema hamna shida huku anasogea nyuma ya mwenzake. Utamwona anainamia daftari kila kamera inapogeuka, au ikitangazwa picha ya pamoja anakumbuka ghafla kwenda msalani. Huko unakokwenda utawaona wengi, na karatasi ya mahudhurio itakuwa na saini zao wote, na chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi imeandikwa kwamba wamekubali kupigwa picha. Ile saini mtu ameiweka kwa ajili ya nauli yake ya kurudi. Hakuna anayesoma chini kule. Mimi nilijua hakuna anayesoma.

Kesho yake nilikuwa nasafisha picha za kutandika, nikafika kwenye ile. Nikaitazama kwenye kioo cha kamera. Nikajiambia, mwanamke gani atakataa picha yake akiwa amependeza hivi? Akiiona tu atabadili mawazo, na atanishukuru. Kweli nilidhani nampa zawadi. Nikaisafisha kwa karatasi nzuri, nikaiweka mezani pamoja na picha za mikono na migongo, ambazo hakuna aliyezitaka.

Ukumbi wa pili siku ile walikuwamo watu wa kamati ya harusi. Walitoka kabla ya watu wangu. Mama mmoja wa kitenge cha njano alipita, akarudi, akainama. "Eh! Huyu si nesi wetu wa kliniki? Kumbe anacheka hivi! Nipe nimpelekee, tuko mtaa mmoja."

Nilimpa. Nikamtafutia na bahasha isije ikakunjika.

Sidhani yule mama alikuwa mtu mbaya. Nadhani alitaka kweli kumfurahisha jirani yake, mpaka alipofika nyumbani, akaitoa kwenye bahasha na kusoma maneno ya bango nyuma ya nesi. Baada ya hapo sijui. Najua tu kwamba kuna mtu aliipiga picha ile kwa simu, na kabla ya Jumapili ilikuwa imezunguka Kiseke yote.

Wiki ya tatu Adventina alikuja studio. Nilikuwa nampiga mzee mmoja picha ya kitambulisho. Akasubiri kwenye benchi kwa adabu mpaka mzee akaondoka, ndipo akanisalimia.

"Baba, unanikumbuka?"

Nilimkumbuka, na nilidhani amekuja kuagiza nakala. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Nikaanza hata kutabasamu.

Akaniambia yote bila kupandisha sauti. Kwamba kliniki akina mama wanapanga foleni kwa nesi mwingine, hata foleni ifike nje. "Mmoja alikuwa ameshakaa mbele yangu. Akaniambia, nesi, leo mtoto ana mafua, nitarudi. Mtoto hakuwa na mafua. Nimempokea mimi huyo mtoto siku anazaliwa." Kwamba mwenye nyumba amemuuliza, kwa upole tu, kama ana mpango wa kuhama. Halafu akatazama nje. "Hata dagaa hawaniagizi tena," akasema.

Nilitafuta la kusema na nikatoa la kipumbavu kuliko yote. "Nisamehe, mama. Ulikuwa umependeza."

"Kwani nilikuuliza kama nimependeza?"

Nikageukia kompyuta, nikashika kipanya kama mtu mwenye kazi.

Akauliza nilimpiga ngapi. Nikasema kumi na moja. Akavuta kiti akakaa mbele ya kompyuta. "Futa nikiona." Nikafuta moja moja, na kila moja alikuwa anacheka, na yeye amekaa pembeni yangu hacheki. Zilipokwisha akauliza, "Na kwenye kadi ya kamera?"

"Kadi nilishaisafisha," nikasema.

Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, Kabula. Nilikuwa nimemharibia maisha kwa picha ile, nilikuwa naona macho yake, na bado nilimdanganya kwa sababu ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga na nilishindwa kuiacha ife. Alipoondoka niliirudisha kwenye kompyuta, nikaificha kwenye folda niliyoiita Mengineyo. Wewe uliwahi kuniuliza kwa nini niliacha semina, nikakujibu mgongo unauma. Haukuwa mgongo. Kila nilipoinua kamera ukumbini niliona mtu anayekoroga chai.

Aliomba uhamisho, wakampeleka kisiwani. Nilisikia habari zake kidogo kidogo kwa watu wa hospitali waliokuja kupiga pasipoti. Kisiwani kituo kilikuwa kimoja tu, na anayegawa dawa ni yeye mwenyewe na mwenzake mmoja. Kuvuka kila mwezi kulimshinda, wakasema, na kule kuchukua hapohapo hakutaka, kwa yaliyomkuta. Akawa anaruka mwezi, kisha miezi. Hakumaliza miaka mitatu.

Nilijua amefariki siku dada yake alipoingia studio. Alikuwa amefunga kitenge kichwani, amechoka na safari, na wanampeleka Muleba kuzika.

"Tunatafuta picha ya marehemu ya kuweka kwenye jeneza," akasema. "Alikuwa hataki kabisa kupigwa, hata kwenye harusi yangu alikaa jikoni. Kuna nesi mwenzake katuambia wewe uliwahi kumpiga, semina moja. Unayo hata moja, baba?"

Ilikuwepo. Ilikuwa mkono mmoja kutoka pale aliposimama. Ningeweza kulikata lile bango, ikabaki sura yake tu, anacheka, na ndugu zake wote wangemwona hivyo kwa mara ya mwisho. Lakini kumpa ilikuwa kukiri kwamba nilimdanganya marehemu, na huenda dada mtu alijua marehemu alinifuata studio kwa nini siku ile. Nikasema, "Sina, mama. Zilifutika."

Akatoa kwenye mkoba kitambulisho cha kazi cha marehemu. "Basi tukuzie hii."

Ilikuwa picha ndogo, imechubuka, nusu ya shavu imefunikwa na mhuri. Nilikaa karibu saa nzima nausafisha ule mhuri, na dada yake kasimama nyuma yangu, na folda ya Mengineyo iko palepale pembeni ya kioo. Nikamfanyia bure. Akanishika mikono yote miwili akaniambia Mungu anibariki. Walimzika na sura ya kitambulisho, ambayo hata ndugu zake nadhani hawakumtambua vizuri.

Nimewaza jambo hili miaka na bado sijui. Siku nyingine nasema nilipaswa kumpa dada yake, kwamba hapo ndipo picha ile ingepata kazi yake ya haki. Siku nyingine nasema hapana, mwenye sura alikwisha sema ifutwe, kufa kwake hakukunipa ruhusa. Mama yako hajui habari ya picha iliyobaki, anajua ile ya mezani tu. Wewe ndiye wa kwanza.

Nawe uliikuta mwenyewe. Ulikuwa kidato cha nne, unajifunza kukata picha kwenye kompyuta yangu, ukaita, "Baba, huyu mama ni nani anacheka namna hii?" Nikasema, "Mteja." Nilipaswa kuifuta pale pale. Lakini nilikuona ulivyoitazama, umeweka mkono mdomoni, na kuanzia wiki ile ukaanza kubeba kamera kila mahali. Nilijivuna, mwanangu. Nilimtumia tena yule mama, safari hii kukufanya wewe unipende. Ukalikata bango, ukaiweka mbele kabisa kwenye kazi zako, ukaandika kwamba hii ndiyo picha ya baba yangu iliyonifundisha kuona, nao wakakuajiri.

Kwa hiyo najua ninachokuomba. Ni siku yako ya kwanza kazini, bosi ameshaisifu, labda mpangilio wa kalenda umeshaanza, na wewe uingie useme naomba picha hii itolewe. Watakuona msumbufu. Nimekosa mara nyingi maishani, lakini hili la kukutwisha wewe mzigo wangu siku unayoanza maisha yako linaniuma kuliko mengine.

Utasema bango halipo, hakuna atakayejua. Kalenda hizo zinafika mpaka zahanati, Kabula, zinatundikwa juu ya meza ya nesi. Kiseke watamtambua kabla mtu hajasoma mwezi. Na dada yake yuko hai, yule niliyemwambia sina. Utasema pia kwamba marehemu hadhuriki tena. Hilo nimejiambia mwenyewe mara nyingi sana, na kila mara nilikuwa natafuta njia ya kubaki na picha.

Mimi ya kwangu nimeifuta leo, ulipokuwa unafunga begi. Sikusikia nafuu yoyote. Nakala kamili ya kuchapisha iliyobaki ni ya kwenye flashi yako, na hiyo siwezi kuingiza mkono kwenye begi la mtu mzima nikaitoa, ingawa nilifikiria. Uamuzi ni wako. Nimekulea, nadhani nakujua, lakini nimekosea kuhusu watu niliodhani nawajua.

Wakikuuliza sababu, usinifiche. Sema baba yangu aliichukua bila ruhusa, jina langu litaje ukipenda, nimeshazeeka na pasipoti watu watapiga tu. Na wakiwa waungwana wakasema basi tumtafute mwenyewe tumwombe, waambie mwenyewe alishajibu, na baba yako alimsikia.

Ni mimi,
Baba yako